Kwa Baba, Tuliyemnyima Nafasi ya Kuaga

Baba, leo umetimia mwaka mmoja tangu Jumatano ile, saa nne asubuhi, ulipoinua mkono ukitaka kusema neno, na sisi tukaanza kuimba.

Tungeweza kuandika kama wengine wanavyoandika: ulikuwa mwema, ulikuwa mcheshi, pengo lako halizibiki. Yote hayo ni kweli na tutayasema. Lakini kwanza tunataka majirani, waumini wenzetu na wote waliokufahamu wajue kwamba maneno haya tunayaandika kwa aibu. Kuna kitu ulikiomba, tena kitu kidogo, nasi tukakunyima, na tulikunyima kwa jina la Mungu. Tunasema hadharani kwa sababu na kosa lenyewe tulilifanya hadharani.

Tuanze na wewe, maana siku ni yako.

Ulikuwa mwandishi wa vibao. Watu walikuita Mzee Brashi, na kuna mmoja wetu aliyewahi kuulizwa jina la baba shuleni akajibu hivyo hivyo. Duka la dawa, gereji, saluni, chekechea ya pale kona, hata geti la makaburi: karibu kila ukuta wenye maneno mtaani kwetu ulipita mikononi mwako. Ulipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, ukaandika kwanza kwa penseli, halafu ukavuka barabara kwenda kutazama ukiwa ng'ambo. Magari yakupigie honi, wewe husikii. Unafumba jicho moja, unarudi, unafuta herufi moja, unavuka tena. Mama alikuwa akisema wewe utakufa kwa kugongwa na gari kabla ugonjwa wowote haujakupata.

Hukupenda maneno mengi. Mteja akija na karatasi imejaa sifa za duka lake, ulimwonyesha ukuta. "Ukuta wako hatua tatu, maneno yako hatua saba. Niambie unauza nini, basi." Na hivyo ndivyo ulivyosali. Mezani, sisi tukiwa ndiyo kwanza tunafumba macho, wewe ulikuwa umeshamaliza. "Bwana, naomba mvua isinikute juu ya ngazi, na huyu mtoto afaulu hesabu. Ila iwe utakavyo wewe. Amina."

Kila sala yako ilikuwa na vipande hivyo viwili. Kwanza ombi, bila haya kabisa, hata la jambo dogo. Uliomba jino liache kuuma. Uliomba rangi nyekundu ipatikane, wakati ilipoadimika madukani. Uliomba mwenye gereji apunguze hasira. Kisha unasema "iwe utakavyo wewe," na kweli unaliacha, unakwenda kula. Mimi, kifunguamimba wako, ninayeandika haya kwa niaba ya wenzangu, nilipoanza kuongoza kikundi cha maombi kanisani nilikuwa naona haya wageni wakikusikia. Siku moja nilikuambia, "Baba, Mungu ana mambo makubwa ya kushughulikia." Ulikuwa unasuuza brashi kwenye kopo la mafuta ya taa. Ukasema, "Mwanangu, mtoto anamwomba babaye hata kijiko. Akinyimwa, analia kidogo, halafu anaendelea kukaa kwa babaye. Wewe ulitaka aende wapi?" Nilicheka. Nilidhani unaongea hivyo kwa sababu hukusomea mambo ya dini kama mimi.

Wema wako haukuwa wa kelele. Jirani yetu kinyozi alipofungua kibanda chake, akiwa bado anawakwaruza watu masikio, wewe ulimwandikia "Kinyozi Hodari" kwa herufi za buluu. Watu walikucheka. Ukasema, "Mwacheni. Kila asubuhi atakisoma akifungua mlango, ataona haya, atajifunza." Akajifunza kweli, na tangu hapo yeye ndiye aliyekunyoa ndevu kila Jumamosi.

Jambo moja ulilikosea, na ulijua umelikosea. Kitindamimba wako alipokwenda mji mwingine kufanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa mabango, ulimwambia mbele ya wageni, "Nenda. Nenda kamzike baba yako angali hai." Mitambo kama ule ilikuwa imeshachukua nusu ya wateja wako, na maneno yalikutoka. Kijana aliondoka kesho yake asubuhi hajanywa hata chai. Kwa miaka mitatu mliongea kwa simu salamu tu. "Hujambo? Haya, huyu hapa mama yako." Lakini sala yako ya mezani iliongezeka: "Na yule wa mbali, Bwana, nisaidie nimwambie." Hatukuuliza umwambie nini. Sote tulijua.

Kisha ukaugua. Daktari, mwanamke mdogo mwenye sauti ya taratibu, alituita kwenye chumba chenye viti viwili, kwa hiyo mdogo wangu, fundi bomba, alisikiliza akiwa amesimama. Daktari alisema ini lako limechoka, kwamba kilichobaki ni kukupunguzia maumivu, na kwamba tuhesabu majuma, si miezi. Akaongeza, "Kama kuna watu anaotaka kuwaona, waiteni sasa." Tulipotoka nje ya mlango nilisema, "Hayo hatuyapokei." Mdogo wangu akasema, "Hatuyapokei kabisa." Mama alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba, na sisi hatukumngoja aipate.

Tulikurudisha nyumbani, na mimi nikashika usukani. Nilipanga zamu za maombi: asubuhi yangu, mchana ya mdogo wangu, jioni ya kikundi. Niliandika karatasi nikaibandika kwenye mlango wa chumba chako: HAPA HATUTAJI KIFO. Wewe uliitazama ukiwa umelala, ukafumba jicho moja kama kawaida yako. "Hiyo T ya pili imelala upande," ulisema. "Leteni penseli niinyanyue." Tulicheka sote, hata wewe, na nikaona ni dalili ya kupona.

Jioni ya kwanza uliomba kama ulivyozoea. "Bwana, naomba nipone, nina ukuta wa shule sijaumaliza. Ila iwe utakavyo wewe." Nilikukatiza kabla ya amina. "Baba, usiseme hivyo! Unafungua mlango." Ukaniuliza, "Mlango upi tena, mwanangu? Si ndiyo sala aliyotufundisha Bwana mwenyewe?" Nikakueleza kwamba ukisema hivyo unajiondoa mwenyewe kwenye uponyaji, kwamba unamruhusu adui. Nilikueleza kwa ukali, wewe uliyenishika mkono nikajifunza kuandika. Hukupenda kushindana na mtu anayesali, hata akisali vibaya.

Tangu hapo kila ulipoanza, "Jamani, kuna jambo nataka...", tulijua unakoelekea, nasi tuliwahi. Mdogo wangu alileta spika ndogo akaiweka dirishani. Ukisema "nikiondoka," tunaimba. Ukisema "mama yenu mtamwangalia," tunakemea. Mama mara moja alisema, "Mwacheni mzee aseme." Nilimgeukia nikamwambia kwamba imani yake haba ndiyo inayokuchelewesha kupona. Mama, mkeo wa ndoa ya miaka arobaini na mmoja! Alikwenda jikoni akakaa huko mchana kutwa.

Jumapili ya pili nilisimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda kwamba umepona. Watu walipiga makofi na vigelegele. Asubuhi hiyo ulikuwa umeshindwa kumeza maji.

Kitindamimba wako alipiga simu mara nne. Mara zote nilipokea mimi. "Anaendelea vizuri sana. Usije, utapoteza kazi bure." Nilihofu kwamba tukimwita, kumwita kwenyewe ni kukubali. Mara ya nne aliniuliza, "Dada, nikija akaniona, si atafurahi tu?" Nikamwambia, "Akikuona ghafla atadhani anakufa. Utamvunja moyo." Akaniamini. Nami nilikuwa najiamini.

Sasa tunafika kwenye lile ambalo hatukulijua mpaka mwezi uliopita.

Kikundi chetu kina desturi yake. Mwenye haja anaiandika kwenye karatasi bila jina, anaitia kwenye kopo la biskuti lililoko mlangoni mwa kanisa. Kila Alhamisi tunachota, kila mtu karatasi moja, na kila mmoja anaiombea yake juma zima. Sharti ni moja: usimwambie mtu. Alhamisi ya mwisho ya maisha yako nilichota karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa kukwaruza. Ilisema hivi: "Mwombeeni mgonjwa mmoja. Ameshaomba apone, na anaona jibu linakuja kwa njia nyingine, naye ameridhika. Sasa anaomba jambo moja tu, watu wake wamwache awaage."

Iliniuma sana karatasi ile. Niliipeleka nyumbani, nikapiga magoti jikoni, nikaiombea kwa machozi. "Bwana, walegeze watu hawa. Vunja ugumu wao. Ni watu gani wanaomziba mgonjwa mdomo?" Nilijua ni watu wasiosali. Niliwaona akilini kabisa: familia ya kelele, wakorofi, hawana hofu ya Mungu. Niliwaombea asubuhi na mchana, kisha nikaosha uso nikaingia chumbani kwako kukuzuia kusema.

Jumatatu nilivunja sharti. Nilikuwa nakunywesha maji ya chungwa kwa kijiko, na nilitaka kukuchangamsha, nikakusimulia. Ukaniuliza, "Na wewe unawaombeaje watu hao?" Nikasema, "Naomba Mungu awavunje mioyo, Baba. Ni wagumu mno." Ukacheka kicheko chako kile cha kifuani, mpaka ukashika ubavu kwa maumivu.

"Waombee, mwanangu," ulisema. "Usichoke. Si watu wabaya. Wana hofu tu."

"Kwani unawajua?"

"Nawajua. Sasa hebu nisikilize, nataka..."

Nikaona unaelekea kule kule. Nikasema, "Kunywa kwanza, Baba," nikakutia kijiko mdomoni, nikaanza kuomba kwa sauti.

Jumatano, saa nne asubuhi, tulikuwa chumbani sote watatu. Mdogo wangu alikushika miguu, mimi nilikuwa kichwani, Mama mlangoni na beseni. Uliinua mkono wa kulia. Ulisema, "Jamani, ngojeni kidogo." Sauti ilikuwa ndogo lakini safi. Mdogo wangu akaongeza sauti ya spika na sisi tukaimba. Mama akapaza sauti, "Mwacheni aseme!" Nikamwambia, "Usilegeze, Mama, usilegeze." Mkono wako ulishuka katikati ya wimbo. Tuliimba beti mbili nzima, macho tumefumba, kabla ya kukutazama.

Kitindamimba wako alifika Alhamisi mchana. Hakutupigia kelele. Alisimama getini na begi lake, akasema, "Mlisema anaendelea vizuri." Mpaka leo hatujamjibu.

Mwezi uliopita tulikaa barazani kupanga siku hii ya leo. Kitindamimba alikuwepo, Mama alikuwepo, na kinyozi alikuja kama kawaida yake. Mazungumzo yakageukia maombi, na mimi, mjinga mimi, nikasimulia habari ya karatasi ile. Nikasema, "Sijui wale watu waliishia wapi. Sijui kama walilegea." Kinyozi akaweka kikombe chini.

"Dada," alisema, "ile karatasi niliiandika mimi. Mzee ndiye aliyenipa maneno, nikiwa namnyoa."

Nikamuuliza kwa nini hukuandika mwenyewe. "Mwandiko wake nani asiyeujua hapa mtaani?" Alisema uliongea kwa kunong'ona, povu likiwa usoni, maana kwenye kunyoa tu ndipo tulipokuacha peke yako na mtu. Alikuambia umwachie yeye ujumbe wa kila mmoja wetu, ataufikisha. Ukakataa. Ulimwambia, "Ya wanangu nitawaambia mwenyewe. Nimeshaomba, nangoja."

Mdogo wangu akauliza kwa nini hakutueleza mapema. Kinyozi alishangaa. "Nilidhani mlimwachia. Asubuhi ile nilisikia mnaimba, nikasema, afadhali, wanaagana."

Kitindamimba wako aliuliza polepole, "Na juu yangu hakusema neno?"

Kinyozi aliangalia mikono yake. "Jumamosi zote tatu aliniuliza kama umefika."

Baba, tangu siku hiyo nimekosa pa kuficha uso. Nimeongoza maombi kwa miaka kumi na minane. Nimewafundisha watu namna ya kuomba, na nimewakemea walioomba kwa mashaka. Mungu alikusikia. Kati ya karatasi zote za kopo lile, yako aliitia mkononi mwa mtu yule yule aliyekuwa na uwezo wa kukupa ulichoomba. Nilikaa nayo siku sita. Niliikunja kwenye Biblia yangu, nikaja nayo mpaka kando ya kitanda chako, nikakusimulia wewe mwenyewe.

Tuliiita imani, lakini ilikuwa hofu. Tulitaka Mungu afanye tunavyotaka sisi, na tukadhani tukipaza sauti hatutasikia akisema hapana. Wewe ulikuwa umeshamsikia. Ulikuwa umelia kidogo, kama ulivyosema, na ulikuwa unaendelea kukaa kwake. Ulitaka tu kutuambia sisi tusiogope, au tunafikiri ulitaka kutuambia hivyo. Hatujui. Hilo ndilo linalotuaibisha zaidi, kwamba hata leo tunajaribu kukuwekea maneno mdomoni.

Jumapili iliyopita nilisimama pale pale niliposimama mwaka jana, nikafuta ushuhuda wangu. Nilisema: baba yangu hakuwa amepona, nilijua hakuwa amepona, na nilimziba mdomo mpaka akafa. Hakuna aliyepiga makofi. Tulipotoka nje mama mmoja wa kwaya alinishika kiwiko akaniambia, "Na mimi mume wangu nilimfanyia hivyo hivyo," akaenda zake. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya walio na mgonjwa ndani leo, tumeona tuandike yote bila kuficha. Ombeni apone. Ombeni kwa nguvu zote, hakuna aibu. Lakini akiinua mkono, zimeni spika.

Mama anasema tukuambie kwamba yeye alikuelewa bila maneno, kwa hiyo usimhuzunikie, ila anajuta kwamba alikwenda jikoni. Mdogo wangu anaomba radhi kwa spika. Ameumaliza ule ukuta wa shule kwa mkono wake, herufi zimepinda kidogo, watoto wanasoma hivyo hivyo. Kitindamimba wako ameniomba niandike neno lake kama alivyolisema: "Baba, nilikuwa nimeshakusamehe kabla sijafika stendi siku ile niliyoondoka. Ningekuambia. Nilikuwa nangoja kuitwa."

Nami naomba msamaha, kwako na kwake, na sitarajii kwamba ninaustahili. Juzi, mara ya kwanza tangu uondoke, tulisali mezani bila mimi kuongoza. Kitindamimba aliomba. Aliomba wewe uwe umepumzika, akaomba mimi nipate usingizi. Kisha akasema, iwe utakavyo wewe, na hakuna aliyeimba.

Unakumbukwa na mkeo, tuliyemfukuza kando ya kitanda chako. Na mwanao wa pili, fundi bomba. Na wajukuu zako watano. Na jirani yako kinyozi, aliyekuandikia. Na mimi kifunguamimba wako, niliyekuzuia. Na kitindamimba wako, ambaye angewahi kama tungemwita.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu. Kwaheri, Baba. Sasa tunakuruhusu uende, ingawa hukuwahi kuhitaji ruhusa yetu.